Tofali la mama: shajara ya kaunta ya jiko, Juni hadi Agosti 2024

Jumamosi, 1 Juni

Leo tumevunja. Kaunta ya jiko letu hapa Goba, Dar es Salaam, ilikuwa zege lililobandikwa tailizi nyeupe za inchi nne, na kwa miaka tisa nimekuwa nikisugua mistari ya katikati ya tailizi hizo kwa mswaki uliochakaa. Sabuni ya unga, magadi, dawa ya kung'arisha choo, vyote nimejaribu. Mafuta ya samaki na manjano yakishaingia kwenye ile mistari yamehamia, hayatoki tena.

Kijana wa kuvunja alifika saa mbili asubuhi na nyundo na tindo, hadi adhuhuri tailizi zote zilikuwa kwenye viroba. Zege la chini ni zima, halina ufa, nondo hazijachungulia. Afadhali, maana mpango wetu ni kuliacha palepale na kulaza jiwe juu yake.

Mama alisimama mlangoni akitazama vumbi. Aliuliza swali moja tu: "Tofali langu mmelipeleka wapi?"

Nieleze habari ya tofali. Kaunta ile ilikuwa na kimo cha sentimita 92 kutoka sakafuni. Mama ana sentimita 150 akinyooka vizuri, kwa hiyo akisimama kukanda unga wa chapati viwiko vyake vinakuwa sawasawa na meza, na mikono inakosa uzito wa kukandamiza. Tangu ahamie kwetu kutoka Mwanza amekuwa akisimama juu ya tofali. Mwaka jana, siku ya Jumapili, lilimponyoka miguuni, akadaka ukingo wa sinki. Hakuumia. Mume wangu huwaambia watu kwamba tunabadilisha jiko kwa sababu ya tailizi kuchakaa, nami simkatizi, lakini mradi ulianza siku ile.

Tofali lilikuwa nyuma ya mlango. Nimemwonyesha.

Jumatano, 5 Juni

Nimepita yadi mbili za mawe baada ya kazi. Kwanza lugha. Ukiingia na Kiswahili chako cha shule ukasema unataka marumaru, utapelekwa moja kwa moja kwenye tailizi za sakafuni. Jiwe lenyewe sasa ni "mabo", na hilo jingine ni "granaiti", na ukisema hivyo kijana anaacha simu na kukufuata.

Mawe husimamishwa yameegemea fremu za chuma kama madaftari kwenye rafu, hayalazwi hata siku moja. Nilidhani ni kuokoa nafasi. Kijana akaniambia slabu, yaani bamba zima la jiwe, ikibebwa imelala inajikunja kwa uzito wake yenyewe na kukatika. Ikisimama kwa ukingo ni ngumu kama ukuta. Jiwe la unene wa milimita 20 lina uzito wa kama kilo 54 kwa kila mita ya mraba. Nikapiga hesabu ya kaunta yangu palepale kwenye simu: kilo mia na hamsini na kidogo. Zege langu halitahangaika. Mtu mwenye kabati za mbao za kushindilia, zile zinazovimba zikimwagikiwa maji, afikirie kwanza.

Mengi ya mawe haya yametoka India na China kwa meli. Jambo hili lilinichekesha peke yangu, kwa sababu nimekulia Mwanza, Mabatini, juu ya granaiti. Nyumba zetu zilipandishwa mlimani katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe, na mama alikuwa akianika dagaa juu ya mwamba uliokuwa nyuma ya choo. Leo natoa shilingi 230,000 kwa mita ya mraba kununua kile tulichokuwa tukikirukia kwenda shule.

Nimependa nyeusi. Jina la dukani ni granaiti nyeusi, ingawa mwanajiolojia angelibishia jina: granaiti halisi, kama ile ya Mwanza, ni ya kijivu au ya waridi yenye chembe zinazometa, na mengi ya mawe meusi yanayouzwa kwa jina hilo ni gabro na jamii yake. Kwa mpishi haina ubaya. Ni mawe magumu, yamebana, hayanywi mafuta kirahisi.

Yadi ya kwanza 230,000, ya pili 295,000, na kwa macho yangu ni jiwe lilelile. Nimeomba vipande vya mfano pande zote mbili. Wametoa bila maneno.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya maabara. Juu ya ukuta mdogo wa barazani nimepanga vipande vinne: nyeusi ya bei nafuu, nyeusi ya bei kubwa, granaiti ya kijivu hafifu, na mabo nyeupe. Jana usiku kila kimoja kilipewa matone manne: ndimu, maji ya ukwaju, manjano yaliyokorogwa na mafuta ya kupikia, na mafuta ya mawese. Nikafunika kwa bakuli, nikaenda kulala.

Asubuhi nimefuta kwa kitambaa chenye sabuni. Mabo imebaki na duara mbili za ukungu, palipokuwa na ndimu na palipokuwa na ukwaju, ukiinamisha jiwe kwenye mwanga unaziona kama alama ya bilauri. Hizo si doa, kwa hiyo hazisuguliki: mabo ni jamii moja na chokaa, na asidi imelila jiwe likapoteza ung'avu. Kijivu haikujali ndimu wala ukwaju, lakini mafuta ya mawese yamezama na kuacha kivuli cha rangi ya chungwa. Jiwe la namna hiyo linataka kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo kabla halijaanza kazi, na kurudiwa kila baada ya muda. Nyeusi zote mbili zimetoka safi.

Nikataka kumalizia hapo na kununua ya bei nafuu. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa amenitumia ujumbe wa sauti: "Dada, pitishia asitoni." Kwamba kuna mawe ya kijivu yanayopakwa rangi yaonekane meusi. Nimechukua dawa yake ya kutolea rangi ya kucha aliyoisahau hapa wakati wa Pasaka, nikalowesha pamba, nikasugua kile kipande cha 230,000. Pamba imetoka nyeusi kama nimefuta sufuria. Nikasugua cha 295,000 kwa pamba mpya: nyeupe. Nikarudia upande wa nyuma ili nisimsingizie mtu. Jibu lilelile.

Rangi ile ingefifia yenyewe kwa sabuni na jua la dirishani, na mimi ningebaki nailaumu sabuni.

Mchana nimewapigia watu wenye mawe jikoni. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili ana mabo nyeupe ya mwaka wa pili, na amekiri kwamba ndimu sasa hukatwa kwenye sinia, sebuleni. Mfanyakazi mwenzangu wa Salasala aliweka kwatsi ya kiwandani, ile ya unga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi ya plastiki: haina vinyweleo, hainywi chochote, lakini msichana alitua sufuria ya ugali moja kwa moja kutoka kwenye moto na sasa pana duara ya manjano, kwa sababu gundi inaungua hata kama jiwe haliungui. Rafiki yangu wa Mombasa yeye alitaka kaunta ya kukalia, jiwe la milimita 20 likatokeza sentimita 40 hewani bila kitu chini yake. Likakaa miezi mitano. Siku ya arobaini ya mjomba wake mtoto wa watu akaruka akalikalia. Mtoto mzima, kaunta vipande viwili.

Ijumaa, 14 Juni

Fundi wa mawe amekuja kupima, na msaidizi wake. Alimwamkia mama kwanza, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba na chai, na ndivyo alivyopata kibali nyumbani humu kabla hajafungua futi.

Alianza na mpira wa maji, ule mweupe unaoonyesha maji ndani, yeye dirishani na kijana mlangoni. Zege letu limeshuka milimita 14 kutoka dirishani hadi mlangoni, kwenye urefu wa mita 3.20. Kumbe ndiyo maana miaka yote yai likiwekwa kwenye kaunta linasafiri kuelekea jokofu. Hiyo itanyanyuliwa kwa mchanga na saruji.

Kisha kona. Fundi alitaka kuandika vipimo na kuondoka: mita 3.20 ukuta mrefu, mita 2.10 ukuta mfupi. Nikamwomba apime ile tatu, nne, tano aliyonifundisha marehemu baba. Weka alama sentimita 60 kwenye ukuta mmoja, 80 kwenye mwingine, pima mshazari. Ikiwa 100 kona imenyooka. Yetu imesoma 100 na nusu.

"Nusu sentimita, dada. Plasta itakula."

Nusu pale karibu na kona, ndiyo. Nikamwomba avute uzi kutoka kwenye kona kwa pembe iliyonyooka hadi mwisho wa ukuta mfupi, na mwishoni pakawa na nafasi ya sentimita mbili na milimita mbili kati ya uzi na ukuta. Nafasi ya kupitisha kidole gumba. Angekata jiwe kwa vipimo vya daftari, upande mmoja lingegusa ukuta na upande wa pili ungebaki mfereji wa kukusanyia mchele.

"Tungejaza silikoni," akasema kijana. Fundi akamtazama tu.

Lazima niseme ukweli kwamba fundi hakununa. Alitoka na bodaboda, akarudi na plaiwudi nyembamba, na wakatumia saa mbili kuikata kwa kisu na kuichonga ifuate ukuta na mabonde yake yote. Kiolezo kile ndicho kitakachokwenda yadi, kimeandikwa kwa kalamu: JUU, UKUTANI, SINKI HAPA.

Tukagombana kidogo kuhusu kiungo. Slabu ni za mita 2.40, kwa hiyo ukuta mrefu lazima uwe na vipande viwili. Yeye alitaka viungane katikati ya sinki, kwa sababu pale kiungo kinachoonekana ni kifupi tu, mbele na nyuma. Hoja yake ina akili. Lakini pale ndipo maji yanaposhinda, na sitaki kuona gundi ikibadilika rangi mbele ya macho yangu kila ninapoosha vyombo. Tumekubaliana: kipande cha mita 2.20 chenye sinki, kisha cha mita moja, kiungo kianguke pale jiko la gesi la mezani linapokaa.

Na kimo. Nikamwita mama, nikamvua kandambili, nikamsimamisha ukutani akunje viwiko kana kwamba anakanda. Viwiko sentimita 94. Fundi alisema anayekanda anataka meza iwe chini ya kiwiko kwa kama shibiri ndogo. Tukaweka kitabu, tukaondoa, tukaweka ubao, mama akisukuma unga wa kuwazia. Tumesimama kwenye 81.

Kwa hiyo: kaunta kuu itabaki 92, na kando ya dirisha la pili tutajenga kijikaunta cha mama, mita 1.10, kimo 81. Bajeti ya jiwe haimfikii. Juu yake tutaweka ubao wa mninga. Mama amesema mninga ni mzuri, kwa sauti ile anayosemea kwamba ameshiba.

Alhamisi, 20 Juni

Idd ilikuwa Jumatatu, mafundi wamerudi leo. Wamejenga miguu miwili ya matofali, wamefunga mbao, wamesuka nondo, wamemwaga zege la kijikaunta. Kaunta kuu imepakwa saruji na kunyooshwa; pima maji inakaa katikati pote. Sasa ni kumwagilia asubuhi na jioni na kusubiri wiki tatu. Tunapika nje, kwenye mkaa, na watoto wanadhani ni sherehe.

Jumanne, 2 Julai

Kaka yangu anaishi Perth. Leo ameniandikia: jana, tarehe 1 Julai, Australia imeanza kupiga marufuku ile kwatsi ya kiwandani, kuitengeneza, kuiuza, kuikata, kuifunga. Sababu ni mapafu ya mafundi. Mawe yale yanaweza kuwa na silika, madini yaleyale ya kwatsi, zaidi ya asilimia 90, na ukiyakata makavu vumbi lake laini linaingia hadi ndani kabisa, linaacha makovu, na makovu hayo hayaponi. Vijana wa miaka thelathini wanashindwa kupanda ngazi.

Jiwe letu halina silika ya kiwango hicho; hata granaiti ya kawaida kwatsi yake mara nyingi ni kama robo au theluthi, na jiwe jeusi la jamii ya gabro lina kidogo sana. Hata hivyo nimekumbuka ile yadi. Yule aliyekuwa akikata nyuma, alifunga leso puani, nyusi zake nyeupe kama za mzee. Sikumsalimia hata, nilikuwa natafuta bei.

Nimempigia fundi nikamwambia kitakachokatwa kwangu kitakatwa kwa maji. Alinijibu kwamba grainda na maji ni ndugu wasiosalimiana, na ya kwangu ina waya. Kweli pia. Tumekubaliana hivi: makato makubwa yafanyike yadi kwenye mashine ya maji, ya hapa nyumbani yawe madogo, chini ya mwembe, maji kwa matone tu kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kizibo, kiungo cha waya kikae juu ya kiti mbali na maji, na umeme upitie swichi inayojikata. Barakoa nitanunua mimi, zile nzito za vumbi. Za kitambaa tulizobaki nazo tangu korona hazizuii kitu hapo.

Ijumaa, 12 Julai

Jiwe limekuja, na limekuja limevunjika.

Lilipakiwa kwenye kirikuu, limesimama, limefungwa kamba vizuri. Vipande viwili vimeshuka salama. Cha tatu, kile kikubwa chenye tundu la sinki, kilo sabini na ushei, wanaume wanne walikishika, na kabla hakijatoka nje ya bodi nikasikia mlio mfupi kama wa kuvunja muwa. Ufa umetoka kwenye kona ya tundu la sinki hadi ukingo wa mbele.

Nimepiga magoti barazani kutazama ile kona, na huwezi kuikosea. Mkataji wa yadi alikata pande nne za tundu kwa disiki, na pembeni disiki imepitiliza, imeacha michirizi miwili inayokatana kama alama ya kujumlisha, kona kali kabisa. Fundi akaja akaweka kidole hapohapo. Kwanza hutobolewa matundu ya mviringo kwenye pembe nne, ndipo misumeno ikutane kwenye mviringo. Kona ya duara hugawana nguvu, kona kali huzikusanya zote mahali pamoja. Na mbele ya sinki kumebaki ukanda wa sentimita saba tu wa jiwe. Mtikisiko wa Goba na barabara yake umemaliza kazi iliyoanzia yadi.

Yadi wanasema dereva. Dereva anasema mashimo. Fundi anasema kona. Mume wangu, kwa simu kutoka Dodoma, anasema tuliunge kwa gundi, chini si kuna zege? Linaungika, kweli. Nimelala nikiliwaza.

Jumatano, 17 Julai

Nilikwenda yadi mwenyewe na picha za kona, bila kupandisha sauti. Niliomba mkataji aitwe. Alitazama picha, akakaa kimya, kisha akamwambia bosi wake, "Hii nilikosea, bosi, biti ya duara ilikuwa imeisha." Nilimheshimu pale. Nimepewa slabu mpya kwa nusu bei, na sharti langu ni kwamba tundu la sinki litakatwa mbele ya fundi wangu, pembe zitobolewe kwanza.

Slabu iliyovunjika wameniachia. Fundi aliipima jana jioni akiwa anakunywa chai, kwa mazoea tu, huku akiongea mambo mengine. Kutoka mwisho wa tundu la sinki hadi ncha ya pili ni mita moja na robo ya jiwe zima, lisilo na mchubuko. Akapima kijikaunta. Mita 1.10.

"Mama," akaita, "mninga tumeahirisha."

Jumamosi, 27 Julai

Siku ndefu, nitaiandika yote kwa sababu nimeketi kwenye kigoda tangu saa tatu nikitazama.

Zege lilifagiliwa, likalowanishwa kidogo, gundi ya tailizi ikatandazwa kwa mwiko wenye meno, mistari yote ikielekea upande mmoja ili hewa ipate njia ya kutokea. Waliingia na kile kipande cha mita 2.20 kimesimama, wakakigeuza juu ya kaunta, wakakishusha ukingo wa ukutani kwanza, kisha mbele taratibu. Fundi akagongagonga kwa nyundo ya mpira huku kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Penye gundi mlio ni mzito. Mahali pamoja ulikuwa wazi, kama kugonga boga, wakanyanyua na kuongeza. Kiolezo kimelipa gharama yake: kipande cha ukuta mfupi kimekaa na nafasi ya milimita mbili tatu mwanzo mpaka mwisho.

Kwenye kiungo walichanganya gundi ya makopo mawili na rangi nyeusi, wakabana, wakakwangua iliyozidi kwa wembe. Nikipitisha ukucha nakisikia. Nikisimama wima, macho hayakioni.

Kilichonishika zaidi ni ukingo wa jiwe la mama. Ulikuwa umekatwa upya, kwa hiyo ulikuwa wa kijivu na mkwaruzo, haufanani na uso wa juu. Chini ya mwembe, kijana akidondosha maji, fundi alifunga pedi ya almasi namba 50 kwenye grainda akaviringa pembe. Ikafuata 100, 200, 400. Tope la kijivu likimtiririka mikononi hadi kwenye viwiko. Kwenye 400 nilisema moyoni kwamba tumeharibikiwa, jiwe lilikuwa la rangi ya mvua, halina uhai. Sauti ya pedi ikawa inashuka kila akibadilisha, kutoka kulia hadi kunong'ona. Namba 800, bado. Alipomaliza 1500 akamwagia maji, akafuta kwa kiganja, na nikaona bangili yangu ndani ya ukingo wa jiwe. Akaendelea hadi 3000, na tofauti ya hiyo mimi sikuiona, lakini yeye aliiona.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwagiza. Alipindua jiwe, na chini yake, sentimita mbili kutoka ukingo, akachora mfereji mwembamba wa kina cha milimita nne kwa urefu wote. Maji yakishuka kwenye ukingo hutambaa chini ya jiwe kurudi kwenye milango ya kabati. Yakifika kwenye mfereji yanadondoka. Amefanya hivyo kwenye vipande vyote kule yadi, hajasema, hajadai. Nimemwongezea ya nauli.

Jumatano, 31 Julai

Silikoni ukutani na kuzunguka sinki. Siku mbili bila maji. Hakuna la zaidi.

Jumatatu, 5 Agosti

Malalamiko ya kwanza, na ni ya kwangu mwenyewe. Wiki hizi mgao wetu ni maji ya kisima, na yana chumvi. Kwenye tailizi nyeupe sikuwahi kuiona. Kwenye jiwe jeusi linalong'aa kila tone likikauka linaacha duara nyeupe, na asubuhi kaunta inaonekana kama imenyeshewa na chokaa. Mtu wa yadi hataniambia hayo, wala mimi sikufikiri kumwuliza. Nimeweka kitambaa kikavu kando ya sinki na amri kwamba wa mwisho kuosha ndiye wa kufuta. Amri inamfikia kila mtu isipokuwa mume wangu, aliye mkutanoni Dodoma.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane, wote tupo nyumbani. Mama aliamka kabla yetu. Nilipoingia jikoni alikuwa ameshatandaza unga moja kwa moja juu ya jiwe, bila kibao, na anasukuma. Jiwe ni la baridi asubuhi, samli haiyeyuki haraka mikononi, na unga haung'ang'anii. Alisukuma ya kwanza, akaizungusha, akaitandaza pana kuliko kibao chetu cha zamani kilivyowahi kuruhusu, akaikunja, akaiviringa kama konokono. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Nimemwona mama akikanda maisha yangu yote na sikuwa nimejua kwamba alikuwa akiyapandisha.

Nimejaribu kumsaidia duru ya pili. Kwenye sentimita 81 mimi naungana na sakafu. Chapati ya nne mgongo uliniita. Mama akaniambia nikalete tofali nilikalie.

Tofali kwa sasa linazuia mlango wa nyuma usijifunge na upepo. Fundi anarudi Jumamosi: bomba chini ya sinki linadondosha, tone moja kila unapohesabu hadi kumi.